MAFUTA YA CHIPSI NA BARIDI YA NYUMBANI

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi. Imechapwa hapa kwa faida ya wenzetu waliokuwa zamuni siku ile.)



Sisi watatu wa karakana tulitumwa na tawi tuchunguze jambo moja, kisha tulete majibu. Tumelichunguza kadiri ya akili zetu na nafasi tuliyopata baada ya kazi, na majibu tunayo. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya Misheni, kwa hiyo msitutazamie maneno ya wataalamu. Lakini dizeli twaijua. Imetuchafua mikono tangu siku tulipoandikwa kazi.

Mwakumbuka jinsi jambo lilivyoanza. Mwezi wa saba, wakati wa baridi, wenzetu wa gengi walikuwa kazini upande wa Timboroa, huko ambako reli imepanda futi zaidi ya 9,000 juu ya bahari. Mmoja wao alinunua makaa, akaingiza jiko ndani ya chumba alichopanga, akaziba chini ya mlango kwa gunia, akalala. Asubuhi majirani waligonga wasijibiwe, wakavunja mlango. Tunashukuru kwamba alipona, naye yuko hapa leo, amekaa karibu na dirisha kama kawaida yake ya siku hizi. Hewa ya makaa ile haina harufu wala rangi. Humwingia mtu katika damu na kushika mahali pa hewa safi, naye huendelea kulala asijue kwamba anakufa.

Katika mkutano uliofuata tulikuwa tukizungumza habari hiyo, ndipo ndugu mmoja akasimama na simu mkononi. Dada yake hutunza wazee huko Lowell, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mahali penye watu wengi wa kwetu Kenya. Dada huyo alikuwa ameleta picha ya lori la mafuta limesimama mbele ya nyumba, limeandikwa ubavuni Bioheat, na maneno yake yalikuwa haya: huku tunaota moto kwa mafuta ya maharagwe na ya chipsi. Watu walicheka. Baadaye hawakucheka tena, na ikatolewa hoja kwamba tutoe fedha katika mfuko wetu wa kusaidiana, tununue mapipa na dawa, tupike mafuta hayo wenyewe hapa landi, kisha tuyachome majumbani badala ya makaa. Hoja hiyo ndiyo tuliyopewa tuipime.

Tuanze na dada wa Lowell, maana wengine walidhani anatania. Hatanii. Katika majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani baridi huwa ya theluji kwa miezi mingi, na katika nchi hiyo yote yapata nyumba milioni 5 hupashwa joto kwa mafuta, nyingi zikiwa upande huo. Katika jimbo la Maine ni zaidi ya nusu ya nyumba. Chini ya nyumba kuna tangi, na kando ya tangi kuna boila. Pampu husukuma mafuta kwa nguvu katika tundu dogo sana, yanatoka kama umande, cheche ya umeme inayawasha, feni inapuliza hewa. Maji yakipata moto hupita katika mabomba mpaka vyumbani.

Wazee wetu wa reli wakisikia hayo hawatashangaa hata kidogo. Nendeni Nairobi katika makumbusho ya reli mkaitazame Garratt namba 5918, ile iliyoitwa Mount Gelai. Injini zile za daraja la 59, jumla yake 34, zilifika mwaka 1955 na 1956, nazo hazikula makaa ya mawe. Zilichoma mafuta mazito meusi, yakipulizwa kwa mvuke ndani ya tanuri yawe kama ukungu wa moto. Basi nyumba ya Lowell ina Garratt ndogo chini ya sakafu, tofauti ni kwamba haiendi popote.

Hata mafuta meusi yale yalikuwa yakichomwa katika majengo makubwa ya New York mpaka juzijuzi. Mwaka 2011 jiji hilo lilikuwa na majengo yapata 10,000 yaliyochoma mafuta mazito, na masizi yake yalishuka juu ya vichwa vya matajiri na maskini pamoja. Aina nzito kuliko zote ilikomeshwa mwaka 2015. Kadhalika jiji lilipitisha sheria kwamba mafuta ya kupashia nyumba yachanganywe na biodizeli. Kuanzia Oktoba 2012 sehemu 2 katika kila 100, kuanzia Oktoba 2017 sehemu 5, sheria ikaweka sehemu 10 kwa mwaka 2025, na sehemu 20 kwa mwaka 2034. Mnaona walivyokwenda polepole. Hawakuamka siku moja wakamwaga mafuta ya chipsi katika matangi ya watu.

Sasa, biodizeli ni nini? Hapa tuliona kwamba wengi wetu, na sisi watatu tukiwamo, tulikuwa tumekosea. Tulidhani ni mafuta ya kupikia yaliyochujwa. Siyo. Mafuta ya kupikia ni mazito, yapata mara kumi kuliko dizeli, nayo yakipita katika nozeli huiziba. Ili yapate wepesi huchanganywa na kileo kiitwacho methanoli pamoja na magadi makali yale ya kutengenezea sabuni. Lita 100 za mafuta hutaka yapata lita 20 za methanoli. Yakipashwa moto kidogo na kukorogwa hujitenga: juu biodizeli, chini gliserini, kitu kizito cha rangi ya kahawia. Ni kazi ya jamaa na kazi ya sabuni, na mama yeyote aliyepika sabuni ya mafuta ya ng'ombe angeielewa upesi kuliko sisi. Mafuta yenyewe yaweza kuwa ya soya, ya mawese, ya alizeti, mafuta ya wanyama, au yale yaliyokwisha kukaanga.

Wazo si jipya. Katika maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ndogo ya Bwana Rudolf Diesel ilizungushwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, kwa sababu makoloni yake ya Afrika yalikuwa na karanga nyingi. Yaani kabla babu zetu hawajaiona injini ya dizeli, watu walikuwa wamekwisha kuzipigia hesabu karanga zetu. Tunasema hili kupitia tu.

Mbona huitwa mafuta yasiyokwisha? Tulipokuwa shuleni tulisomewa habari za yule mjane wa Sarepta ambaye chupa yake ya mafuta haikuisha, nasi tukafikiri ni kitu cha namna hiyo. Sivyo. Huisha kama mafuta yoyote, lakini mwakani shamba hutoa mengine, na moshi wake ni hewa ileile ambayo mmea uliivuta ulipokuwa ukikua, wakati mafuta ya ardhini yakiisha yameisha, na moshi wake huongeza hewa iliyokuwa imezikwa miaka mingi sana. Lakini kulima kunataka trekta na mbolea, kupika kunataka moto, kusafirisha kunataka lori. Ofisi ya serikali ya Marekani ya kulinda mazingira ilipiga hesabu mwaka 2010, ikaona kwamba biodizeli ya soya hupunguza ile hewa inayoharibu majira kwa sehemu 57 katika 100 ikilinganishwa na dizeli ya ardhini, na ile ya mafuta yaliyokwisha kutumika kwa sehemu 86. Liwekeni moyoni jambo hilo: mafuta machafu yameyashinda yale mapya, maana hakuna aliyeyalimia shamba. Huko New York yalipopanda bei wezi walianza kuyaiba nyuma ya mahoteli usiku. Mapipa ya mafuta ya chipsi sasa yanafungwa kwa kufuli.

Wala mafuta haya hayakosi matata. Yakipata baridi huganda upesi kuliko dizeli. Yale ya soya huanza kufanya mawingu karibu na nyuzi sifuri, yale ya mawese na ya mafuta ya ng'ombe huganda hata katika baridi ambayo Timboroa ni ya kila usiku. Ndiyo maana huchanganywa, tena tangi likiwa ndani ya nyumba ni heri kuliko lililo nje. Tena husafisha kama sabuni. Tangi lenye tope la miaka ishirini likitiwa biodizeli nyingi, tope lote hung'oka na kwenda kuziba filta. Hula raba za namna ya zamani. Na nguvu yake ya moto ni pungufu kidogo, yapata sehemu 8 katika 100 yakiwa matupu. Mafundi wa majengo ya New York wamelazimika kujifunza haya yote, na chama chao kiitwacho 32BJ kimewafundisha wanachama namna ya kuendesha majengo kwa moto mchache. Tulifurahi kusoma kwamba chama cha wafanya kazi kimefanya shule, na si kungoja tajiri afanye.

Basi turudi kwa hoja yetu. Kwanza tulijaribu. Tulichukua mafuta ya chipsi kibandani pale karibu na lango, tukayachuja kwa kitambaa mara tatu, tukayatia katika stovu ya tambi, tukaiwasha nje ya karakana. Tambi hazikuyavuta. Moto ulikuwa mdogo, wa rangi ya manjano, na mahali pote palinuka mandazi. Baada ya robo saa tambi zilikuwa ngumu kama kijiti kilichoungua, na sufuria ilikuwa nyeusi hata mwenyewe hajaikubali mpaka leo. Biodizeli halisi ni nyepesi kuliko hayo, lakini bado ni nzito kuliko mafuta taa, na stovu zetu hazikutengenezwa kwa ajili yake. Wajerumani walitengeneza jiko la kuchoma mafuta ya mimea, likaitwa Protos, likajaribiwa Ufilipino katika miaka ya 2000. Lakini lile lilikuwa jiko la pampu, na lilitaka kupashwa kwanza kwa spiriti. Halifanani na lile lililo uvunguni mwenu.

Ndugu mmoja alishauri kwamba tuyazimue mafuta kwa petroli yapate kuwaka. Tunamwomba alirudishe neno lake. Biodizeli peke yake ni salama sana kuwekwa, mvuke wake haushiki moto mpaka ipate joto la nyuzi zaidi ya 90, nayo katika hili imeishinda hata dizeli. Lakini mvuke wa petroli hushika moto hata katika baridi. Mwenye kuweka petroli katika stovu ya tambi ameweka bomu mbele ya watoto wake.

Pili, ile methanoli. Hapa hatutasema kwa upole. Methanoli ni kileo, hunuka kama kileo, na inaonekana kama maji. Ni ile ile iliyowapofusha na kuwaua watu wetu. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa sumu hiyo, na mwezi wa Mei mwaka 2014 wengine zaidi ya 80 walikufa katika kaunti mbalimbali, Embu na Kiambu zikiwamo. Sasa hoja inasema tuweke pipa la kitu hicho ndani ya landi, ambapo watoto wanacheza, na ambapo (tusamehewe, lakini sote tunajuana) wapo wenzetu ambao mshahara ukiisha hunusa kila chupa. Nani atalala na ufunguo? Sisi watatu tumekataa kulala nao. Tena moto wake mchana hauonekani vizuri, na magadi makali yakiruka machoni ni kilio. Kazi hiyo ni ya kiwanda chenye mabomba yaliyofungwa, chenye maji ya kunawia na mtu wa zamu, sio ya ua wa kuanikia nguo.

Tatu, na hili ndilo lililotushtua wenyewe. Hata kama tungepata biodizeli ya bure leo, iliyopikwa vizuri, na jiko lake, bado yule ndugu wa gengi angeanguka vilevile. Moto wowote katika chumba kilichozibwa hula hewa na kutoa sumu, uwe wa makaa, wa kuni, wa gesi au wa mafuta ya chipsi. Nyumba za Lowell haziponi kwa sababu ya soya. Zinapona kwa sababu boila ina bomba la moshi linalopita mpaka juu ya paa, na tangu mwaka 2006 sheria ya Massachusetts inalazimisha kila nyumba yenye moto wa namna hiyo iwe na king'ora cha kutambua hewa ya sumu. Tuliitazama ile picha ya dada mara ya kwanza tukaona lori tu. Tulipoitazama tena tukaona dohani juu ya nyumba. Mkutano wote ule tulikuwa tukibishana juu ya lori.

Kuna neno la nne, kwa ajili ya wale wenye shamba nyumbani. Baadhi yenu mmeuliza kama mpande miti ya mafuta, na wengine wameonyeshwa miche ya jatrofa, ile mbono. Sikilizeni. Watu wengi wa Kenya waliipanda katika miaka ya 2000 kwa kuahidiwa utajiri. Mwaka 2009 uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya shirika la Wajerumani la GTZ, pamoja na wataalamu wetu wa misitu wa KEFRI, ulikuta mashamba ya wakulima wadogo yakitoa mbegu haba sana na faida hakuna. Wakashauri isipandwe shambani, iwe ua tu wa boma. Tangu hapo mambo mengine yamekuja. Kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu huko Makueni mwezi wa Julai 2022, na mwezi wa Oktoba mwaka huo mafuta ya kwanza yalipakiwa Mombasa kwenda Gela, Italia. Hatusemi ni vibaya. Tunasema mwenye kupanda aulize kwanza mnunuzi ni nani, atapima kwa mizani ya nani, na bei itaandikwa lini. Na mahindi yasing'olewe. Mtu mwenye njaa haoti moto wa biodizeli.

Basi mapendekezo yetu ni haya, ndugu Mwenyekiti. Hoja ya kupika mafuta ndani ya landi tunaomba iondolewe. Lakini mafuta yenyewe tusiyaache. Tulizunguka vibanda vya chipsi, kutoka langoni mpaka stendi ya matatu, tukahesabu 11, na akina mama na vijana wanaokaanga wakatueleza kwamba mafuta yakiwa meusi humwagwa mtaroni, au huuzwa kwa bei ya chini kwa mtu ambaye huenda kuyakaangia tena. Haya ya pili ni mabaya kuliko ya kwanza, na sisi ndio tunaoyala wakati wa mapumziko ya mchana. Nairobi wako wanunuzi wa mafuta yaliyokwisha kazi, wenye kuyapeleka viwandani. Mama mmoja akiwa na debe moja hawezi kusema bei. Madebe 11 yaliyokusanywa mahali pamoja, yakapimwa kwa mizani yetu na kuandikwa katika daftari, yanaweza kusema. Tumezungumza na wenye vibanda, na saba wamekubali kujaribu kwa miezi mitatu. Faida ni yao, na tawi lipewe sehemu ndogo kwa ajili ya mizani na karatasi.

Na fedha iliyotakiwa kununua mapipa tunaomba igeuzwe. Mafundi wetu wa kuchomelea wanasema wanaweza kutengeneza majiko mawili ya mabati mazito, yenye mlango na bomba la moshi la kupita juu ya paa, kwa ajili ya vibanda vya gengi huko juu. Mabati ya zamani yanunuliwe kwa risiti. Twarudia, kwa risiti, maana twajua mlivyoanza kutabasamu. Yatachoma kuni. Si mafuta ya kisasa wala hayana jina la Kizungu ubavuni, lakini mtu ataamka.

Yule ndugu wa Timboroa ametuomba tuseme jambo moja kwa niaba yake. Anasema kwamba usiku ule hakuona dalili yoyote, hakukohoa, hakuumwa kichwa. Alisikia joto zuri, la kwanza tangu afike huko, akafurahi.

Hesabu ya mabati na mabomba iko mezani kwa Ndugu Katibu, imeandikwa mkono kwa sababu mashine ya kupiga chapa imekwisha wino. Daftari la wenye vibanda liko pamoja nayo. Mwenye swali aulize sasa, kabla ya kura, kwa kuwa watu wa zamu ya saa kumi wanaondoka.